Karibuni Sana, Njooni Jumapili

  

Nina ujumbe wa msikilizaji wa Mazimbu, hapa Morogoro. Anasema alikwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, akapishana na vijana wawili, mmoja Mzungu na mwingine Mwafrika. Shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, jua la saa nane linachoma nao wanakata mtaa kwa miguu. Wakamwamkia kwa Kiswahili, wakamwuliza kama ana dakika chache. Akawaambia ana haraka. Sasa anauliza: "Mwalimu, wale ni kina nani, wanalipwa na nani, na kweli si majasusi?"

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo jepesi. Jasusi anayetembea na kibao chenye jina lake na jina la waliomtuma, akabisha hodi nyumba kwa nyumba mchana kweupe, huyo bwana kazi yake haiwezi. Tuliache.

Wale ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi tumezoea kuwaita Wamormoni, ingawa tangu mwaka 2018 viongozi wao wanaomba sana waitwe kwa jina lao kamili, urefu wake wote. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah. Kenya lilitambuliwa kisheria mwaka 1991, kwetu mwaka 1992. Kwa miaka mingi kazi yao ya Tanzania iliongozwa kutoka Nairobi, mpaka Julai 2020 ilipoundwa misheni ya Dar es Salaam. Mgeni anayekuja kwa kazi hiyo anaombewa kibali cha ukaazi daraja C, kile kile cha wanafunzi na wanaojitolea. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inamruhusu mtu kutangaza dini yake mradi asivunje sheria. Kwa hiyo wapo kihalali.

Wanalipwa na nani? Hawalipwi. Tena kwa nchi tajiri kijana na wazazi wake ndio wanaotoa: kwa miaka mingi ilikuwa dola 400 za Marekani kwa mwezi, na tangu Julai 2020 ni dola 500. Fedha zinaingia mfuko mmoja, ili aliyetumwa Tokyo kwenye maisha ghali na aliyetumwa kwetu wachangie sawasawa. Kwa kijana wa Kiafrika familia inatoa inachoweza, kanisa linajazia. Wavulana wanatumika miaka miwili, mabinti miezi 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka 19 hadi 18, mabinti kutoka 21 hadi 19. Yaani ni watoto waliotoka shule juzi, ndevu bado zinasitasita.

Na wala msidhani ni Wazungu watupu. Siku hizi mmoja wa wale wawili unaokutana nao njiani anaweza kuwa Mganda, Mkongo au Mzimbabwe. Anaweza pia kuwa mtoto wa hapa kwetu Kihonda, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Jirani yangu ana kijana. Asili yao Matombo, Waluguru wa damu, Wakatoliki tangu bibi wa bibi. Huyu kijana alikwenda kusoma Dar es Salaam, akaalikwa na mwanafunzi mwenzake kwenye ibada, akaenda mara ya kwanza kwa kumridhisha, mara ya pili kwa hiari, baadaye akabatizwa. Baada ya mwaka mmoja na kitu akajaza fomu za misheni. Kule kwao huchagui pa kwenda. Unajaza, unapimwa afya, unahojiwa na viongozi wako, kisha unasubiri wito kutoka Salt Lake City, na unapofunguliwa ndipo unapojua kama ni Ghana au Brazil. Wake ulisema Uganda. Akapita kwanza Johannesburg kwenye mafunzo, akaingia na hekalu lao la kule, ambalo lilifunguliwa mwaka 1985 na kwa miaka mingi ndilo waumini wa huku walilolifungia safari. Sasa lipo la Nairobi, limewekwa wakfu Mei 2025.

Amerudi. Jioni nyingine anakuja barazani kwangu, na mimi nimeshazoea kuuliza watu maswali, kwa hiyo nimemchimba.

Siku yake ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi ya viungo, kuoga, kifungua kinywa, kisha kusoma maandiko peke yake, kisha kusoma pamoja na mwenza wake. Baada ya hapo ni barabarani hadi usiku, na saa nne na nusu taa imezimwa. Hakuna filamu. Hakuna mchumba, na kama umemwacha nyumbani basi mtaandikiana. Kuogelea marufuku, hata kama umepangwa Jinja na Mto Nile unapita mlangoni. Na huyo mwenza hukumchagua. Anakupangia rais wa misheni, na baada ya wiki kadhaa anaweza kumhamisha akakuletea mwingine. Mnalala chumba kimoja, mnakula pamoja, na hamruhusiwi kupoteana machoni. Kijana aliniambia jambo ambalo halikunijia akilini: kubisha hodi kwa wageni alikuzoea baada ya mwezi. Kuishi na mtu usiyempenda, anayekoroma, anayepika mchele ukaungua kila siku, na asubuhi mkapige naye magoti pamoja, hilo ndilo lililomtoa jasho.

Jumatatu ilikuwa siku ya maandalizi. Kufua, kwenda sokoni, kunyoa, kuongea na nyumbani. Alinionyesha jinsi ya kufua kola ya shati jeupe kwa mtu anayetembea kwenye vumbi jekundu kutwa nzima. Unalowesha, unasugua mstari wa uchafu kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche, unaliacha kwenye ndoo mpaka umalize soksi, halafu brashi laini, kuelekea upande mmoja tu, la sivyo kola inachanika mapema. Mashati matano yalimfikisha mwisho wa misheni. Mama yake anasema kabla ya hapo hakuwahi kufua hata leso.

Kuhusu chai. Hawa watu hawanywi chai wala kahawa, hawagusi pombe wala tumbaku, kwa agizo ambalo Joseph Smith alilitoa mwaka 1833. Pombe na sigara sisi hatuna shida, nusu ya mji huu wanazikataa kwa sababu zao. Lakini chai! Mama yake aliniambia siku kijana alipokikataa kikombe mara ya kwanza aliumia kuliko siku aliyobatizwa. "Chai yangu ina nini?" Wiki nzima wakanuniana. Baadaye kijana akamweleza kwamba linalokatazwa ni jani la chai lenyewe, mama akaenda kuomba shina la mchaichai kwa jirani, akalipanda pembeni ya bomba. Sasa anachemsha mchaichai na tangawizi, anatia sukari kama kawaida, na amani imerudi.

Nacheka kidogo nikikumbuka historia. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotua Bagamoyo mwaka 1868, ambao wenzao walipanda hadi huku Morogoro miaka ya 1880 na kufika Matombo kabla karne haijaisha, ndio hao hao walioleta mbegu za kahawa kutoka kisiwa cha Réunion, wakazipanda Bagamoyo, na kisha misheni ya Kilema kule Kilimanjaro. Mmisionari wa kwanza kaleta kahawa, wa leo haigusi. Muuza kahawa wa mjini na birika lake lazima atujibu hilo.

Lakini wale wa kwanza walikuja kwa namna nyingine kabisa. Walikuja kukaa. Ukienda makaburi ya misheni Bagamoyo utakuta majina ya mapadri, mabruda na masista waliokufa kwa homa wakiwa bado vijana. Walijenga shule, zahanati na mashamba, na mtu aliingia dini kwa mlango wa shule kabla hajasikia mahubiri. Huyu wa leo anakaa miaka miwili, kisha anarudi kwao kuoa na kutafuta kazi. Ana muda mfupi, na kwa hiyo jibu lako lina uzito kwake kuliko unavyodhani.

Nilishuhudia hilo kwa macho yangu Chang'ombe, Dar es Salaam, nyumbani kwa mama mkubwa. Mama mkubwa ni mwenyeji wa hapa Morogoro, Mwislamu, swala tano hazimpiti. Vijana wawili wa shati jeupe, mmoja wa Utah, wakabisha hodi. Akawapa mkeka, akawapa maji ya baridi, akawauliza kwao hawajambo, mvua imenyesha? Yule wa Utah akachanganya, akamjibu "marahaba" kabla hajaamkia, mama mkubwa akacheka mpaka machozi, akamfundisha upya. Wakasema walichosema. Akawasikiliza kwa heshima zote, akiitikia "eee, eee, kweli wanangu." Wakamwuliza kama wanaweza kurudi. "Karibuni sana, njooni Jumapili, saa kumi."

Hawajafika hata kona ya mtaa, akanigeukia: "Mie na dini yangu, watoto hawa wananitafuta nini?"

Nikamwuliza mbona umewaambia waje. Akanishangaa kama nimesahau nilikozaliwa. "Sasa nitamfukuza mtoto wa mwenzangu mlangoni?"

Jumapili saa kumi walifika. Mama mkubwa alikuwa amekwenda shughuli ya kumfunda mwali. Nilikuwapo, nikawafungulia. Yule wa Utah alikuwa na daftari dogo mfukoni, akalitoa, akaandika kitu mbele ya jina la mama mkubwa, akalirudisha. Hawakukasirika. Walikuwa wametembea kutoka upande wa pili wa Temeke.

Msikilizaji, kule Ulaya wanafungiwa mlango. Unabisha, mtu anachungulia, anasema asante hapana, basi, dakika moja imekwisha na umejua ulipo. Kwetu hakuna mlango unaofungwa. Kwetu unaletewa kigoda. Mmisionari anaweza kumaliza wiki nzima akiwa amekaribishwa kila nyumba, amekunywa maji kila nyumba, ameahidiwa kila nyumba, na Jumapili kanisani kwake haji mtu. Nilimsimulia kijana wa jirani kisa cha mama mkubwa, hakucheka. Akasema Jinja na Mbale ilikuwa hivyo hivyo, na kwamba walikuwa wanatoka wakiwa na miadi sita, ukitimia mmoja wanashukuru. "Mwalimu, aliyeniambia sitaki nilikuwa namwombea kwa furaha."

Wala si wao peke yao. Mashahidi wa Yehova wanalijua hili. Wainjilisti wa vitabu wa Waadventista, ambao vitabu vyao vinachapwa hapa hapa Morogoro, wanalijua: "pita mwisho wa mwezi" ni jibu walilolisikia kwa kila lafudhi. Ndugu zetu wa Tabligh wanaotoka siku tatu, siku arobaini, hata miezi minne, wanalala msikitini, wanajipikia, wanajigharamia, na jioni wanazunguka mtaani kuwakumbusha Waislamu wenzao swala, nao wanaambiwa "inshallah nakuja" na mtu anayejua fika kwamba anakwenda kuangalia mpira. Neno la Mungu tunalitumia kufichia uvivu wa kusema hapana. Hilo mimi linanikera.

Kwa yule kijana wa jirani mtu mmoja tu katika ukoo alimjibu waziwazi, na alikuwa mjomba. Wenyeji mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba linaweza kupita la baba. Kijana alipopata wito ilibidi apande Matombo kumweleza. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, akasema: "Mimi sikubali. Dini tunayo, iliyotuzika wazee wetu. Usiniletee vitabu vyako hapa." Halafu akaingia ndani, akatoka na hela, akamwambia hii ni nauli na nyingine ununue viatu vigumu, maana vyako hivyo havitafika popote. Kijana anasema katika miaka miwili ile hakuna aliyemheshimu kuliko mjomba.

Basi nami siku moja nilifuata mfano wa mjomba. Kijana akiwa Uganda, bibi yake alifariki. Angeweza kuomba ruhusa arudi, akachagua kubaki. Alimzika kwa simu, dada yake ameishika juu ya vichwa vya watu ili aone kaburi. Nilimwambia barazani kwangu: hapo sikubaliani nawe. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya ndugu yake akasamehewa. Kumkosa bibi aliyekulea siku ya kumfukia, watu wa Matombo bado wanalisema, na wanayo haki. Akanijibu kwamba bibi ndiye aliyemwambia siku ya kuondoka, ukianza kulima mstari maliza mstari. Nikamwambia bibi alikuwa anazungumzia shamba. Tukaachia hapo, kila mtu na lake, na kesho yake alikuja tena. Kabla ya Februari 2019, nimekuja kujua, vijana hawa waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Sikukuu ya Mama. Sasa wanaruhusiwa kila wiki. Afadhali.

Nilimwuliza pia swali gumu zaidi, na ninalileta hewani kwa sababu wengine mtalikuta wenyewe. Kanisa lake, mpaka Juni 1978, halikumruhusu mwanamume mwenye asili ya Afrika kupewa ukuhani. Ndiyo sababu walichelewa kufika kwetu zaidi ya karne moja baada ya Wakatoliki na Waanglikana. Nikamwuliza, ulikuwa unajibu nini ukiulizwa hilo na Mganda mwenye miaka sitini? Hakuzunguka. Alisema aliulizwa mara nyingi, kwamba siku za mwanzo alikuwa anajibu kwa maelezo marefu ya kukariri, na mwenza wake kutoka Zimbabwe ndiye aliyemwambia aache. Baadaye akawa anasema: ni kweli ilikuwa hivyo, ilibadilishwa kabla sijazaliwa, na liliniumiza niliposoma. Wengine walisimama hapo wakamfungia mazungumzo. Wengine wakaendelea. Mimi jibu lile halikunitosha, na nilimwambia, lakini nimewasikia watu wazima wenye vyeo wakijibu maswali mepesi kuliko hilo kwa kukwepa zaidi.

Leo anafanya kazi ya ghala, hapa hapa mjini. Amerudi na mazoea yake: saa kumi na mbili na nusu yuko macho, daftari la miadi mfukoni. Nimesikia mwajiri wake akilalamika kwamba kijana huyu ukimwambia "fanya kesho" anakuuliza kesho saa ngapi. Jumapili anavaa moja ya yale mashati, yamebaki mawili. Mama yake bado anakwenda misa ya kwanza. Wanapishana getini.

Sijasema uwafuate, wala sijasema uwakimbie. Kipindi hiki si cha mahubiri. Ninalokuomba, wewe wa Mazimbu na wote mnaonisikia, ni dogo. Siku hodi ikibishwa kwako, iwe ni hawa wa shati jeupe, iwe ni Mashahidi, iwe ni muuza vitabu au jamaa wa Tabligh, kama unataka kuwasikia, toa kiti na usikilize kweli. Kama hutaki, usiwape Jumapili ambayo hutakuwapo. Sema hapana, kwa upole, ukiwatazama machoni, waende nyumba ya pili kabla giza halijaingia. Maji ya kunywa wape kwa vyovyote vile. Kwa hawa wa shati jeupe, chai usijisumbue.